Kijani Kimetupendeza

Mama Pindo hakupewa jina hilo na mzazi wake. Walimpa watu wa mtaa, kwa sababu ukipita mlangoni kwake na pindo la gauni limefumuka, hakuachii mpaka akushonee, hata kama unakimbilia kujifungua. Alikuwa fundi cherehani, mjane, na mashine yake ilikaa chumba cha mbele kinachotazama barabara. Upande wa juu palikuwa na maofisi ya vioo, upande wa chini viwanda vilivyowatemea moshi kila upepo ulipogeuka. Wao walikuwa katikati, kama bitana ya koti: haionekani, ila koti halikai bila yake. Ukuta kwa ukuta naye aliishi wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Waliazimana mpaka chumvi.

Siku moja mtaa mzima ukaitwa mkutano shuleni. Afisa wa mipango miji, shati limenyooka kama karatasi, akabandika ramani ubaoni. Ilikuwa imepakwa rangi: njano makazi, nyekundu biashara, zambarau viwanda.

"Na hapa penu," akaweka kidole, "ni kijani. Eneo la wazi. Kuna mwenye pingamizi?"

Sasa nawauliza nyinyi mnaosoma: mtu wa kawaida akiambiwa eneo lake ni la wazi, ataelewa nini? Miaka yote watu wale walisumbuliwa na habari za hati. Mara kiwanja kina utata, mara mpaka haueleweki. Kwa hiyo wazi kwao ilikuwa wazi: mambo yao yameeleweka, utata basi. Tena kijani! Hata taa za barabarani kijani si ndiyo ruksa? Kama afisa alijua wameelewa hivyo, mimi siapi. Ila aliona watu wanatabasamu, na hakuna anayetabasamu akiambiwa nyumba yake itavunjwa. Hilo lingemtosha mtu mwenye haya.

Wifi mtu peke yake alikunja uso.

"Wifi," akanong'ona, "mbona penye njano kasema makazi, na kwetu hakusema? Ngoja niulize."

Akanyanyua mkono. Mama Pindo akaudaka, akaushusha kwa nguvu mpaka uzi wa kwapa ukakatika, kra!

"Wee! Usituharibie. Mambo yamenyooka, unataka wayapinde tena? Hilo kwapa nitakushonea kesho."

Kisha, kwa kimbelembele chake, akasimama kwa niaba ya wote. "Hatuna pingamizi, bwana afisa. Kijani kimetupendeza!"

Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Afisa akakunja ramani yake, akaenda zake. Kesho ikaja na nguo za wateja, kwapa likasahaulika.

Siku zikapita, hata asubuhi moja tingatinga likafika, watu wanapiga mswaki. Mama Pindo akamkimbilia msimamizi, kanga moja kiunoni.

"Baba, mmepotea njia! Hapa ni eneo la wazi!"

"Ndiyo hivyo, mama. Eneo la wazi halikai nyumba. Ni bustani. Mliulizwa, mkakubali."

Loo! Alisimama pale kinywa wazi. Aliwahi kutoa cherehani tu. Wifi yake alitoa kitanda, nacho kikavunjika mguu mlangoni. Walipokwenda kudai fidia wakajibiwa kwamba aliyekubali hana la kudai.

Majirani hawakumtupia mawe, heri wangemtupia. Kila aliyempita na kifurushi chake kichwani alimwambia, "Kijani kimetupendeza, ee?" Jina la Mama Pindo likafa siku ile. Wakamwita Mama Kijani.

Mji ukawatupa pembezoni, huko magari yanakogeuzia. Yeye na wifi yake waliishia kupanga ua mmoja, mlango ukitazama mlango, maana vyumba vya bei yao vilikuwa hivyo tu. Wifi alimpa salamu. Zaidi ya salamu, hakuna. Na ile bustani? Nyasi zilipandwa, zikazungushiwa uzio, halafu mwenye rangi akabadili rangi. Leo ni maegesho ya magari ya wale wa vioo. Mji wao, ramani yao, kifutio chao. Mshenzi kabisa aliyebuni mchezo huo.

Mchana mmoja wifi alikuwa anaanika nguo uani, amevaa gauni lile lile la mkutano. Kila alipoinua mkono kwenye kamba, kwapa lilikuwa limeachama vile vile. Mama Pindo alitazama kutoka mlangoni mpaka machozi yakamtoka. Akashindwa kuvumilia.

"Wifi yangu, vua nikushonee hilo kwapa. Uzi ninao, mashine ndiyo hii. Nakuomba."

Wifi akabana nguo ya mwisho. Akainama, akachukua beseni lake.

"Liache," akasema. "Liache wazi."