Makoti Mawili ya Maabara

Nyumbani kwetu Buzuruga hakuna kitu cha watoto kilichowahi kununuliwa kimoja. Ndala zilikuwa pea mbili, vikombe viwili, mabegi mawili ya rangi ileile. Hata dawa ya minyoo mimi na pacha wangu tulikunywa pamoja, ingawa mwenye minyoo alikuwa yeye. Wazazi wengi wenye mapacha huku kwetu hufanya hivyo. Husema ukimpa mmoja ukamnyima mwingine, aliyenyimwa ataugua. Lakini mama yetu alizidisha, na alikuwa na sababu. Yeye mwenyewe alizaliwa pacha, huko Magu, na walipofikia umri wa kuanza shule ikapatikana sare moja. Akaivaa yeye. Mwenzake akabaki kuchunga ng'ombe, na kabla mwaka haujaisha akafa kwa homa. Mama hakuwahi kutuambia kwamba kilichomuua dada yake ni sare. Alinunua viwili viwili, basi.

Kwa hiyo tulipofaulu kuingia kidato cha tatu na shule ikatutaka tuchague masomo, sisi tulikuwa na shida ambayo wenzetu hawakuwa nayo. Shule yetu ya kata ilikuwa na utaratibu rahisi. Anayetaka sayansi anachukua fizikia na kemia mpaka kidato cha nne. Asiyetaka anaziacha zote mbili na kubaki na baiolojia, ambayo haikwepeki. Na ukishaiacha fizikia, ndiyo basi. Kidato cha tano kuna kombi, mchepuo wa masomo matatu, ya PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, na kuna PCB kwa wanaotaka udaktari, na zote hizo hazitakuhusu tena. Mwenzangu alitaka PCM. Alikuwa anaitaja kombi hiyo kama watu wanavyomtaja mchumba. Mimi nilipenda historia. Fizikia sikuipenda wala sikuielewa, na sikuona sababu ya kuomba radhi kwa hilo.

Mama alitusikiliza wote wawili huku akipepeta mchele aliokuwa akiuza karibu na stendi.

"Mtachukua wote au mtaacha wote," alisema.

Hakupaza sauti. Mwenzangu aliniangalia tu, hakuniomba chochote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana angeniomba ningepata nafasi ya kukataa. Nikachukua fizikia, na kemia pamoja nayo, ambayo angalau nilijikokota nayo mpaka mwisho. Nisijifanye malaika. Nilijua nikigoma nitalala chumba kimoja na msichana aliyenuna mpaka tumalize shule.

Maabara yetu ilikuwa darasa la kawaida lenye nondo za ziada madirishani. Mwalimu wa fizikia, kijana ambaye pia alikuwa mwalimu wa taaluma, msimamizi wa masomo na mitihani ya shule, alileta vifaa kutoka ofisini kwenye ndoo ya plastiki: springi, mawe ya mizani, kipande cha kioo kinene, nyuzi. Vilikuwa vichache, kwa hiyo tulifanya kazi kwa makundi. Mwenzangu alipima, akaandika, akachora grafu. Mimi nilishika. Nilishika kile chuma cha kuning'inizia springi kwa uaminifu mkubwa, na nadhani hakuna mwanafunzi wa shule ile aliyewahi kukishika vizuri kuliko mimi. Akili yangu ilikuwa kwingine kabisa, lakini mkono haukutikisika.

Matokeo ya mitihani ya mwisho wa kidato cha tatu yalipotoka, mwalimu alituita ofisini.

"Wewe nakutoa," aliniambia. "Unaniharibia wastani."

Mwenzangu aliinamisha uso. Akawa anakwangua kucha moja kwa nyingine.

"Mwalimu, ukinitoa mimi, na huyu atatoka," nilisema.

Alidhani namtisha. Nilipomweleza alicheka, kisha akaona kwamba sisi hatucheki. Mwenzangu ndiye aliyekuwa wa kwanza katika somo lake. Mwalimu akaagiza mzazi aje.

Mama alikuja kesho yake na kitenge chake cha kanisani, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Shikamoo mama," mwalimu alianza.

"Marahaba, mwalimu. Pole na kazi."

Mwalimu akamwonyesha alama zangu. Akamweleza kwamba wanafunzi hawafanani, hata mapacha, na kwamba mwenzangu akiendelea anaweza kufika mbali, wakati mimi napoteza muda ambao ningesoma masomo ninayoyaweza. Alieleza vizuri, na mimi nilikubaliana naye kwa kila neno. Mama alisubiri amalize.

"Mwalimu, mimi sikuombi umpe alama," alisema. "Nakuomba umpe kiti."

Mwalimu alilifunga daftari la alama. "Kiti kipo, mama."

Ndivyo nilivyobaki kwenye fizikia kidato cha nne chote, nikiwa na kiti. Wakati wa kujisajili kwa mtihani wa taifa ulipofika, mwalimu hakuliweka somo hilo kwenye masomo yangu, akatuambia sisi wawili tunyamaze. Tukanyamaza. Siku ya mtihani wa fizikia nilivaa sare, nikanywa uji, nikachukua rula na kalamu, nikaongozana na mwenzangu mpaka shuleni. Yeye akaingia. Mimi nikakaa nyuma ya jiko la shule na wapishi, nikawasaidia kuchambua maharage mpaka kengele ya kutoka ikagongwa. Tuliporudi nyumbani mama aliuliza mtihani ulikuwaje. Mwenzangu akajibu kwa niaba yetu wote kwamba haukuwa mbaya.

Matokeo yalipotoka mama aliyasoma mwenyewe kwenye simu. Ile sare moja ya Magu ilikuwa imemfikisha darasa la saba, na kusoma anajua. Alipitisha kidole kwenye mstari wa mwenzangu, kisha kwenye wangu, kisha akarudia wangu.

"Fizikia yako siioni."

"Mtandao huo, mama," mwenzangu alidakia. "Siku hizi unakatakata."

Mama aliirudisha simu kwenye chaji na kutoka kwenda kwenye mchele wake.

Mwenzangu akapangiwa PCM kwenye shule ya bweni upande wa Sengerema. Mimi nikapata historia, jiografia na Kiingereza kwenye shule ya kutwa hapa hapa mjini. Shule yake ilitaka kila mwanafunzi aje na koti jeupe la maabara. Mama akatupeleka kwa fundi sote wawili. Fundi aliuliza kama na mimi nimepata sayansi. Mama akamwambia apime mabega.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza mpaka kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa nimevaa koti langu. Sikulivaa kwa mzaha. Nilidhani ndicho mama anachokitaka, tuonekane sawa mpaka dakika ya mwisho. Watu walianza kuingia, magari yakapangwa. Mwenzangu alikuwa ameshika begi lake kwa mikono miwili.

Mama alinigeukia. "Vua hilo."

Nikavua. Alilikunja vizuri, mikono kwa ndani, akafungua zipu ya begi la mwenzangu na kuliweka juu ya lile lake.

"Moja likiwa kwenye kamba, utavaa jingine."

"Na yeye, mama?" mwenzangu aliuliza.

"Yeye haendi maabara."

Ndipo nilipojua kwamba suala la mtandao halikumdanganya hata siku moja. Kwa mara ya kwanza maishani mwetu, mwenzangu alikuwa na viwili na mimi sina kitu. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa muda mrefu, na ilipofika niliona wivu, tena wivu mkali, kwa koti ambalo sikuwa na kazi nalo.

Kivuko kiliondoka. Tulisimama mpaka watu wa juu wakawa hawatambuliki, kisha tukaanza kurudi, mama mbele, mimi nyuma. Hatujafika barabarani alisimama, akanisubiri, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Sikuwa na homa. Nilimwambia sina homa. Hakukiondoa.