Matete ya Kichwa cha Kisiwa

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka kana kwamba ni jana. Kaa chini, Masanja. Wewe ni kitinda mimba wangu, lakini leo sikudekezi. Na hao wenzako waketi. Mapanga yawekeni mlangoni, hakuna wa kuyaiba. Nimesikia kesho mnakwenda kufyeka matete ya kichwa cha kisiwa ili mchimbe dhahabu chini yake. Nimesikia, sijafa bado.

Mimi niliolewa hapa Nyamatete uhuru ukiwa bado mbichi. Nilivushwa kwa mtumbwi, na kabla hata sijaonyeshwa nyumba, mamamkwe wangu, Nyamizi, alinishika mkono mpaka kule juu, mto unakogawanyika. Akanipa kipande cha tete. "Panda, mayu, mama yangu," akaniambia. "Ukishapanda umekuwa wa hapa." Kila bibi harusi wa kisiwa hiki alipokelewa hivyo. Hata mkeo, Masanja, alipanda lake, mimi nilimshikia viatu. Kisiwa chetu ni mchanga mtupu. Bila mizizi ile mto ungekuwa umekwisha kukila zamani. Na nyuma ya matete, penye ubaridi, ndipo tulipowazika watoto waliotutoka wakiwa wachanga. Dada yako Kabula, mtoto wangu wa kwanza, nilimzika hapo.

Basi kiangazi kimoja akaja mtu kutoka machimbo ya Nyarugusu na karai lake. Akaosha mchanga wa huko juu, akaona vumbi linang'aa. Wee! Wanaume wakapandwa na wazimu. Na aliyekuwa mbele yao nani? Marehemu baba yako, baba wa mtoto aliyelala palepale! Nyamizi akawatangulia, akasimama katikati ya matete.

"Hii ndiyo kamba inayofunga kisiwa," akawaambia. "Mtu anatoboa mtumbwi aliokalia?"

"Mayu, nenda nyumbani," baba yako akamjibu mamaye, mbele ya watu. "Matete yataota tena."

Wakacheka. Wakafyeka, wakang'oa na mizizi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo, lakini sikiliza, mwanangu: guu lililovunjika halikuwa lao. Mvua zilipokuja mto ulijaa, ukaanza kuumega ule mchanga uliobaki wazi. Mchana kweupe, watu wote tunatazama. Likadondoka bonge, likadondoka lingine. Nilikimbia na jembe nikamtoe mwanangu, wanawake wakanikamata kiuno. Nikaona mahali pake panakwenda. Siku hiyo nilimtukana baba yako matusi ambayo mke hamtukani mumewe, na mpaka amekufa sikumwomba radhi.

Na dhahabu yenyewe? Ilinunua redio iliyokufa upesi, na baiskeli. Baiskeli, jamani! Kwenye kisiwa unachokimaliza kabla hujamaliza kutafuna kipande cha muwa!

Maji yalipopungua, Nyamizi hakuwasimanga. Alivuka ng'ambo, akaleta vipande vya matete, akawagawia wanaume. Kazi hiyo mwanamume hakuwahi kuifanya tangu kisiwa kiwe kisiwa. "Leo ninyi ndio mabibi harusi," akawaambia. "Pandeni. Asiyepanda hali kwangu." Wakapanda, wamesimama kwenye maji mpaka kiunoni, baba yako analia. Nilimwacha alie. Hayo ndiyo matete mnayotaka kuyafyeka kesho, matete ya machozi ya baba zenu. Na hicho mnachokiita leo kichwa cha kisiwa, zamani, kabla mto haujakila kile kichwa cha kwanza, kilikuwa ua wa nyumba yangu.

Watu huniambia, mama, hasira hasara. Kwangu mimi hasara ilitangulia, hasira ikaja nyuma yake, nami nimeilea hasira hiyo badala ya kumlea Kabula. Msiniambie nipoe.

Siwakatazi dhahabu. Nendeni Nyarugusu mkachimbe kama wenzenu, mrudi na sabuni na chumvi. Lakini ardhi inayowabeba isichimbwe. Kilichopandwa na mikono ya mama zenu msikifyeke kabla hamjawauliza walikipanda kwa nini. Na mzee akisimama katikati ya matete, mwanangu, usimwambie aende nyumbani. Yupo nyumbani.

Haya, chukueni mapanga yenu mkakate kuni, hatuna hata za kupikia ugali wa jioni. Mungu awape riziki ya halali. Awape watoto wengi, wakue, wawazidi ninyi akili. Na siku yenu ikifika, watoto hao wawe bado wana mahali pa kuwazika.