Silinda nane na mama wa Lubna

Mama wa msichana niliyemposa aliketi kando yangu garini, akaniambia niongeze mwendo. Mumewe alikuwa nyuma, ameshika mlango kwa mikono miwili.

Msinihukumu bado.

Naitwa Ilias, fundi wa magari hapa mtaa wa Buyenzi. Nilikuwa nimemtuma mjomba kwa Mzee Rachidi, muuza vipuri, akaniposee binti yake Lubna. Mzee akasema atajibu. Mwezi ukapita, na wa pili, kimya. Nilikonda.

Siku moja akanipigia simu.

"Ilias, kuya hapa. Nataka kununua gari, we utanisaidia kuchagua."

Nikajisemea, hapa hakipimwi chuma, napimwa mimi.

Muuzaji alitupa magari mawili tuyajaribu, makubwa, ya kifahari. Jeusi lina injini ya silinda nane. Ukikanyaga kidogo tu, kiti kinakumeza. La kijivu lina injini ndogo, lakini springi zake ni za hewa na viti vyake laini, unapita juu ya tuta wala hujui.

Mzee alishapenda jeusi. Mji mzima uko kwenye foleni ya mafuta, yeye anataka silinda nane.

Tulianza na hilo jeusi, tukapanda mlima wa Kiriri, juu ya ziwa. Mimi kwenye usukani, mzee kando yangu, mkewe Mama Khadidja nyuma. Mzee alikuwa anajipiga mapaja kwa furaha.

"Unaona nguvu iyi? Unaona?"

Nyuma ikasikika sauti ndogo: "Mugongo yangu."

Tukarudia njia ileile na la kijivu. Mzee akapiga miayo.

"Iyi ni gari ya mugonjwa."

Tuliposhuka, mzee akanigeukia.

"Haya, fundi. Nguvu ao starehe?"

Nikisema nguvu, nimemuudhi mama. Nikisema starehe, nimempinga mzee. Kokote nilikogeuka nilimwona Lubna anaolewa na mwingine.

Nikapata akili, au nilidhani ni akili.

"Mzee, sasa ukae nyuma, ndani ya ile nyeusi. Mama apite mbele. Utajisikilia mwenyewe."

Nilitaka tu aonje yale maumivu ya mgongo. Nikasahau kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega hivyo. Ni aibu. Hata kumtazama usoni unaiba iba. Mzee alinitolea macho, lakini Mama Khadidja alikuwa keshafunga mkanda.

Tukapanda. Mimi macho barabarani, shingo imekauka.

"Ongeza kidogo, mutoto yangu," mama akasema.

Nikaongeza.

"Ongeza tena."

"Polepole, we!" mzee akalia huko nyuma.

Juu kabisa nikasimama. Mzee akashuka ameshika kiuno.

"Basi, tununue ile ya kijivu."

"Apana," akasema Mama Khadidja. "Iyi."

"Si we ulikuwa unalia mugongo?"

"Mugongo iliniuma sababu ya kukaa nyuma. Tangu umenioa naangalia kisogo yako tu. Nani aliniuliza kama mi napenda nguvu?"

Nikauma mdomo nisicheke. Mzee akaniona, hasira zote zikanihamia mimi.

"Na we, hauna haya? Unamukalisha mukwe yako pembeni yako?"

Mama akatoa kichwa dirishani taratibu.

"Baba Lubna, umesema nani wake?"

"Mukwe..."

Akatazama ziwa kule chini, akanitazama mimi, akatazama gari.

"Mi nimesikia," mama akasema. "Na Ilias amesikia."

Mzee akavuta pumzi ndefu.

"Mwambie mujomba wako akuye Ijumaa, sala ikiisha," akaniambia, halafu akaingia nyuma mwenyewe, bila kuambiwa. Nilifurahi hadi nikasahau gia.

Jeusi ndilo lililonunuliwa.

Funzo langu ni hili: kabla ya kubishana nguvu na starehe, kila mtu wa nyumbani akae kila kiti, kisha aulizwe. Na mzee akikugombeza, usikimbilie kujitetea. Sikiliza anamwita nani mkwe wako.