Chupa ya Vumbi ya Ekero

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa na cheti cha ufundi wa maabara na viatu vipya, nikitarajia kukabidhiwa hadubini. Mkuu wa Maabara akanitazama, akasema, "Hapa tunapima vumbi, binti. Anza na hilo la sakafuni." Hiyo ilikuwa Kakamega, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilimchukia wiki nzima.

Baadaye nilimpenda, maana ndiye aliyenifundisha kazi. Kupima vumbi wakati ule kulitaka mikono na subira. Tulisimamisha chupa kubwa juu ya kigingi, mdomoni mwake faneli pana, ndani maji safi yenye mrututu kidogo, ile dawa ya buluu inayozuia maji yasiote ukijani. Vumbi la mwezi mzima hunaswa humo. Tulichuja maji kwa karatasi, tukaikausha kwenye tanuri, kisha tukaipima kwa mizani iliyoshtuka hata ukipumua karibu nayo. Nilikuwa na chupa moja Shirere, nilikopanga chumba, nyingine Chekalini kwenye mashamba ya mahindi, na ya tatu Ekero, katikati ya miwa.

Miaka michache baadaye akaletwa Mtaalamu wa Hesabu kutoka Nairobi, yeye na kompyuta yake. Alikuwa na kitu alichokiita modeli. Unaiambia kompyuta upepo unavuma kwenda wapi, bomba la moshi la kinu lina urefu gani na makapi ya miwa yanachomwa kiasi gani, nayo inakisia vumbi litaangukia wapi. Kazi yangu ikawa kulinganisha makisio yake na chupa zangu. Shirere tulikubaliana, Chekalini tukakubaliana. Ekero, kompyuta ilisema vumbi ni jingi mno, na chupa yangu ikasema karibu hakuna.

Halikuwa jambo la mzaha. Wazazi wa Ekero walitaka kujenga shule ya chekechea karibu na vinu vya sukari guru, na kamati yao ilikuwa inangoja ripoti yetu. Niliandika kwamba modeli imekosea na kiwanja kinafaa. Nakiri nilitia saini kwa raha. Mtu ambaye hajakanyaga matope ya Ekero angenifundisha nini kuhusu hewa ya huko?

"Una uhakika?" Mkuu aliniuliza.

"Mzee, kompyuta haina pua."

Alicheka, lakini ripoti akaifungia kwenye droo. "Kalete chupa ya mwezi huu kwanza. Jumatatu nitaituma."

Chupa ya Ekero ilikaa uani kwa Mama Zainabu, mjane aliyemlea mjukuu wake mmoja, msichana wa miaka mitatu hivi. Kwa kawaida nilikwenda Ijumaa. Safari hii nilikwenda Alhamisi, nikamkuta ameketi, chupa yetu katikati ya magoti, anaisugua kwa majivu.

"Asalaam aleikum, mama. Unafanya nini?"

"Waleikum salaam. Leo umeniwahi, mwanangu! Mimi naioshanga kabla ukuje, natia maji mapya ya mvua. Inakuwanga na weusi, aibu tupu. Mgeni atabeba aje chombo chafu kutoka kwangu?"

"Tangu lini?"

"Tangu mlete."

Nilipomkabidhi chupa ile nilimwambia "tutunzie" tu, naye akaitunza kama anavyotunza chochote cha mgeni. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi. Kila mwezi maji ya Ekero yalikuja meupe, bila hata dalili ya ile buluu ya mrututu, nami nikafurahi kwamba hewa ni safi.

Niliporudi Kakamega nilitamani kunyamaza. Ripoti ilikuwa na jina langu, na Mtaalamu wa Hesabu angenicheka hadi nistaafu. Nilimweleza Mkuu nikiwa nimesimama.

"Aibu ni yako," akasema, "lakini vifua ni vya watoto. Chagua."

Niliichana ripoti mbele yake. Tukairudisha chupa Ekero, safari hii nikimweleza Mama Zainabu kila kitu, naye hakuigusa mwezi mzima. Karatasi ilitoka nyeusi kama kitako cha sufuria. Modeli ilisema kweli, na kamati ikahamishia shule upande upepo unakotoka.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza waamini kipimo au kompyuta. Namba mbili zikigombana, huwajibu, nendeni mkamsalimie anayeishi na chupa, tena mfike siku asiyowatarajia.

Ile karatasi nilimpelekea Mama Zainabu, kwa kuwa ilikuwa haki yake kuiona. Aliipokea kwa mikono miwili. Ndani ya nyumba mjukuu wake alikuwa anakohoa.

"Chupa nilikuwa naosha," akasema. "Na huyu, kifua chake nitaosha na nini?"

Shule tuliihamisha. Nyumba yake ilibaki palepale.