Gita Lililonguruma Wakati wa Dua

Naona haya kusimulia, lakini kosa lilikuwa langu. Bendi yetu ya Kariakoo ilipopata gita la besi la umeme, lilinguruma mno, nami nikajitia fundi. Nikamwambia kiongozi wetu, Bwana Kondo, kwamba nimeunganisha upya waya wa ardhini, ule wa ndani ya gita unaozuia ngurumo, na ngurumo imekwisha. Kumbe nilikuwa nimegundua jambo moja tu: nikishika nyuzi linanyamaza, nikiziachia linaanza tena.

Jumamosi alasiri tukapiga harusini. Saa nzima sikuziachia nyuzi. Pua iliniwasha na sikuthubutu kujikuna.

"Kazi nzuri, fundi," Kondo akaniambia.

Kisha babu wa bwana harusi akasimama kuomba dua. Nilitamani kuzima ampilifaya, lakini Kondo alikwisha kataza, maana ikizimwa huchelewa kupata moto, naye alitaka tuanze mara baada ya Amina. Ukumbi mzima ukainua mikono. Mimi nikang'ang'ania nyuzi, kichwa nimekiinamisha.

Mzee akakatiza dua.

"Wewe kijana wa gita, hutaki kuwaombea wanangu?"

"Nawaombea, babu."

"Basi inua mikono."

Watu wote wakageuka kunitazama. Kondo akaninong'oneza, "Inua, unatuaibisha."

Nikainua. Ngurumo ikajaa ukumbi mzima. Mzee akangoja ikome, nayo haikukoma. Kondo akanigeukia polepole.

"Huo waya uliuunganisha wapi?"

Mikono yangu ilikuwa bado juu mbele ya watu wote.