Kipande Nilichotaka Kukikata

Kaka yangu alipiga simu saa mbili asubuhi kuniambia ameshapanda boti kutoka kisiwani Songo Mnara. Wakati huo nilikuwa nimekaa mbele ya laptop, natamani kuipasua kwa mchi. Feni ilikuwa inavuma na taa ya chaji inawaka, ila mahali pa picha na mafaili yangu palikuwa na giza tupu, na kistari cheupe kikipepesa kwenye kona. Humo ndani mlikuwa na sauti ya marehemu baba, na kaka alikuwa anakuja kwangu Masoko kwa ajili hiyo tu.

Baba na kaka hawakusemezana miaka saba, tangu kaka amwache mke aliyechaguliwa na baba, binti wa shangazi yetu. Baba akaapa mwanawe asikanyage kizingiti chake, naye hakukanyaga. Alikuja mazikoni, akatia udongo kama watu wengine, akarudi kisiwani kwake kutengeneza injini za boti. Hakujua kwamba wiki ya mwisho baba aliniomba nimwekee laptop kitandani, akasema, "Washa hicho kinachonasa sauti, kisha nenda zako jikoni." Nikaenda. Alichokisema humo nilikuja kukisikia tulipokwisha kumzika.

Alikuwa amempa kaka radhi. Kwetu mtu akikosa radhi ya mzazi, hata chombo kikimharibikia watu hutazamana. Lakini kabla ya radhi palikuwa na kipande kinachonihusu mimi, na kwa sababu ya kipande hicho nilimficha kaka yangu habari hii miezi miwili mizima. Nilitaka kwanza kukikata. Hatimaye nikamwambia kuna sauti ya baba, akasema atakuja kesho yake; alasiri hiyo hiyo nikaanza kupakua programu ya kukatia sauti. Mashine ikadai isasishwe kwanza, bando likaisha katikati, nikapandwa na hasira na kubana kitufe cha kuzimia mpaka ikanyamaza. Ndiyo tabia yangu, na mara nyingi imeniponza.

Nikampigia fundi wa Lindi mjini, dada aliyeniwekea mfumo wa Linux baada ya fleshi za wateja wa steshenari yangu kuijaza mashine virusi.

"Mashine yako ni nzima," akasema. "Kilichogoma ni ile programu inayochora madirisha. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja."

Yakaja maandishi meupe. Akanisomea amri za kumalizia sasisho, herufi kwa herufi, nami nikizichapa. Nikawasha upya. Giza. Tukarudia. Giza. Nikanunua bando jingine, akanipa amri ya kusakinisha upya ile programu, mtandao ukasuasua, ukakata. Mara ya nne nililia, tena kwa sauti, mtu mzima mimi.

"Kwani unataka nini humo?" fundi akauliza. "Kama ni kusikiliza sauti tu, huhitaji picha. Kuna amri moja fupi."

"Nataka picha."

"Mficha uchi hazai, dada. Niambie unataka kufanya nini."

Sikumwambia. Niliandika ile amri fupi nyuma ya bahasha, nikamshukuru, nikakata simu. Nilimwomba Mungu boti ichelewe. Halafu nikaona aibu kwa dua hiyo, maana boti ilikuwa na watu.

Kaka aliingia kabla ya adhana ya adhuhuri, kanzu imekunjamana, mikono ingali na weusi wa grisi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Iko wapi?"

Nikamwonyesha skrini. Nikasema imeharibika, haileti picha. Akaiinamia, akasikiliza feni jinsi anavyosikiliza injini zake.

"Mbona inafanya kazi? Mimi sikuja kutazama. Haiwezi kusema?"

Hapo ningeweza kudanganya. Neno "haiwezi" lilikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama: alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili, kama mtu anayesubiri hukumu. Nikachukua bahasha, nikayaita tena yale maandishi meupe, nikachapa ile amri na jina la faili, nikabonyeza.

Baba alikohoa, akapiga bismillahi.

"Mwanangu, najua ulikuwa unapiga. Kila Ijumaa simu ililia nami niko macho, nikimsikia mdogo wako akikwambia nimelala. Yeye alikuwa na hasira na wewe, mimi nilikuwa na kiburi, nikanyamaza. Sasa sina tena kiburi. Radhi zangu zote unazo, duniani na akhera."

Kaka alilia akiwa amesimama. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Ni kweli nilikuwa na hasira: mimi ndiye niliyemlisha uji na kufua mashuka, na yeye sauti yake tamu ikifika Ijumaa kwa Ijumaa. Nilijiambia namlinda mgonjwa. Sikuwa namlinda mtu.

"Nisamehe, kaka," nikasema.

Alifuta uso kwa mkono, grisi ikabaki shavuni. Nilingoja matusi, na ningeyapokea.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Na baba? Wewe ulimwomba radhi?"

Nikamwambia sikumwomba. Sikujua kwamba alikuwa macho, ananisikia.