Mapezi Aliyorudi Nayo Babu Yako

Nakumbuka Sabato moja, mjukuu wangu Kemunto, babu yako akipanda kwetu Manga huku anachechemea. Alikuwa bado kijana, mpiga mbizi bandarini Mombasa, amekuja likizo kuniposa kwa baba yangu. Nikamuuliza mguu una nini. Akasema ni mlima. Mlima gani, na yeye kazaliwa Gesima, milimani kama kwetu?

Nikamletea maji ya kunawa miguu, nikamwambia avue viatu. Visigino vilikuwa vidonda vitupu, kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi. Ndipo aliposema ukweli. Alichagua mapezi ya kupigia mbizi, yale ya kuvaa miguuni, marefu, magumu, kwa kuwa ndiyo waliyovaa wenzake wenye nguvu, tena yakimbana, akidhani ndiyo yatakaa vizuri. Siku moja misuli ya mguu ikamkaza huko chini ya maji, mwenzake akamvuta juu. Niliogopa, maana nilikuwa nampenda.

Baba alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akamwambia polepole, "Kijana, sikukatai. Lakini binti yangu sitampa mtu anayeona haya kusema kiatu kinamuumiza. Nenda ubadilishe, kisha urudi."

Nililia, sikufichi. Likizo iliyofuata akaja na mapezi mengine, mafupi, laini kidogo, yenye ukanda nyuma, ya kuvaliwa juu ya viatu vya mpira. Baba akataka kuyaona mguuni. Basi babu yako akayavaa pale uani, akatembea kinyumenyume maana kwenda mbele utajikwaa, kuku wakatawanyika mpaka kwenye majani chai. Baba alicheka hadi akakaa chini.

"Hayakuumi?" akamuuliza.

"Hayaniumi, baba."

"Basi walete wazee wenu tuongee."

Sasa nawe unakwenda Mombasa kujifunza kupiga mbizi, na umenionyesha kwenye simu mapezi marefu ya rangi ya waridi. Ni mazuri, sikatai. Ila yavae kwanza. Vidole vicheze, kisigino kisichomoke. Ukivaa viatu vya mpira, chukua yenye ukanda. Miguu yako haijazoea, basi anza na mepesi. Na yakikuuma, sema siku hiyo hiyo, hata kama wenzako watakucheka.

Babu yako alipiga mbizi miaka yote ile, na kila likizo alirudi kwangu. Mungu akushushe salama, mwanangu, akupandishe salama, na jioni unipigie simu nisikie sauti yako.